Kikao cha Bunge la Minnesota kimeisha: kwa nini waliokatwa bima ya afya ni wale wasio na kura?

#1 Mto_Baridi (St. Paul), 10 Juni 2025

Wakuu, salaam.

Usiku wa kuamkia leo Bunge la Minnesota limefunga kikao maalumu. Bajeti ya miaka miwili, kama dola bilioni 66, imepita, na serikali ya jimbo haitafungwa Julai 1. Hilo namshukuru Mungu. Lakini ndani ya makubaliano hayo kuna kipengele kinachoniuma: wahamiaji watu wazima wasio na makaratasi ya ukaazi wanaondolewa kwenye MinnesotaCare, bima ya jimbo ya watu wa kipato cha chini, ifikapo mwisho wa Desemba. Haki hiyo waliipata kwa sheria ya 2023 na wameanza kuitumia Januari mwaka huu. Miezi mitano tu, tayari imefutwa.

Waliodai ifutwe ni Warepublikan. Sawa, huo ndio msimamo wao na hawakuuficha. Lakini DFL, yaani Wademokrati wa hapa, wana gavana Tim Walz, wana Seneti 34 kwa 33, na Baraza la Wawakilishi ni 67 kwa 67. Mwenye mbili na nusu kati ya tatu anashindwaje kuwalinda watu wanaokaribia elfu 20? Hoja yangu ni kwamba hawakushindwa, walichagua. Walipotafuta cha kutoa mezani, wakatoa cha mtu asiyepiga kura. Nipingeni kwa hoja.

#2 Kachumbari, 10 Juni

Nimeweka kiti hapa nisubiri wajuzi. Sisi wa Morogoro Minnesota tunaijua kwa barafu tu.

#3 Msoma_Katiba (Minneapolis), 10 Juni

Mleta mada, uchungu wako nauelewa ila hesabu yako inayumba. Baraza lina viti 134, na muswada haupiti bila kura 68. Haijalishi wangapi wamehudhuria, ni 68 au hakuna sheria. Kwa hiyo kwenye 67 kwa 67 hakuna cha "nusu". Kila upande una uwezo kamili wa kuzuia kila kitu, pamoja na bajeti nzima.

Tazama kura yenyewe ya kuiondoa bima hiyo jana: 68 kwa 65. Warepublikan wote 67, na mtu mmoja tu wa DFL, naye ni Melissa Hortman, kiongozi wao. Kule Seneti ilikuwa 37 kwa 30, na Erin Murphy anayeongoza wengi naye akapiga ndiyo pamoja na wenzake wachache. Yaani viongozi walitoa idadi ile ile iliyohitajika ili ahadi yao kwenye makubaliano ya bajeti itimie, wakawaacha wengine wote wapige hapana.

#4 Binti_Gusii (Brooklyn Park), 10 Juni

Mimi nilifuatilia mubashara hadi macho yakauma. Spika Hortman alipozungumza na waandishi baada ya kura ile alikuwa analia. Alisema anajua kuna watu wataumia kwa kura yake. Huyo ni mbunge wa hapa hapa kwetu, na siwezi kusema ni mtu asiyejali. Kule ndani pia yupo Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, tuliyemchagua Novemba kwa jimbo la uchaguzi la 38A. Nilijivuna sana siku ile alipoapa. Kwa hiyo msiseme wahamiaji hatuna sauti kabisa. Sauti ipo, ila ilizidiwa.

#5 Msoma_Katiba, 10 Juni

Dada Binti_Gusii, marekebisho kidogo: Hortman alikuwa Spika kuanzia 2019 hadi mwanzoni mwa mwaka huu. Spika wa sasa ni Lisa Demuth, Mrepublikan.

#6 Ndege_wa_Pangani, 10 Juni

Hapo ndipo mnaponipoteza. Viti sawa kwa sawa, halafu Spika anatoka upande mmoja? Waligawanaje?

#7 Msoma_Katiba, 10 Juni

Kaa vizuri, maana ugomvi wote wa Juni umezaliwa hapo.

Uchaguzi wa Novemba 2024 ulitoa 67 kwa 67. Vyama vikaanza kuzungumza kugawana madaraka. Kisha ikaibuka kesi ya Curtis Johnson wa DFL, aliyeshinda jimbo la uchaguzi la 40B upande wa Roseville. Jaji akaona hakuwa mkazi halisi wa jimbo lake la uchaguzi kama katiba inavyotaka. Johnson akaachia kiti kabla ya kuapa. Ghafla Warepublikan wakawa 67 kwa 66, wakasema mazungumzo ya usawa basi, sisi ndio wengi. Juu yake kukawa na kesi ya Shakopee, jimbo la 54A: Brad Tabke wa DFL alishinda kwa kura 14 wakati kura 20 za waliopiga mapema zilikuwa zimepotea. Jaji alisema ushindi ni halali, lakini DFL wakaogopa kwamba wenzao wangetumia wingi wa kiti kimoja kukataa kumpokea.

Januari 14, siku ya kufungua Bunge, DFL wakasusa wote. Katibu wa Jimbo Steve Simon, ambaye kisheria ndiye anayeongoza siku hiyo, akahesabu vichwa 67, akasema akidi haijatimia, akaahirisha na kuondoka. Warepublikan wakabaki ukumbini, wakamchagua Demuth, wakaunda kamati, wakaendelea kama kawaida. Mambo yakaenda Mahakama ya Juu ya jimbo. Januari 24 ikaamua kwamba akidi ni 68. Vyote walivyofanya vikawa si kitu.

Mapatano yakaja mwanzoni mwa Februari. Demuth awe Spika kwa miaka miwili, Tabke aachiwe kiti chake, kamati ziwe na wenyeviti wawili wawili usawa ukirudi, na kamati ya kuchunguza ubadhirifu ibaki ya Warepublikan. Kiti cha Roseville kikarudi kwa DFL kupitia David Gottfried kwenye uchaguzi wa Machi 11. Ndiyo hiyo 67 kwa 67 mnayoiona.

Kwa hiyo Mto_Baridi, nauliza: ukitafuta mkosaji, utaanzia Juni au Novemba, kwa chama kilichosimamisha mgombea bila kuhakiki anapolala?

#8 Ndege_wa_Pangani, 10 Juni

Asante sana mkuu. Sasa nimeelewa hata Ukawa, ule umoja wa vyama vya upinzani Tanzania, waliposusia Bunge la Katiba 2014 kwa nini ile habari ya theluthi mbili ilikuwa moto.

#9 Kachumbari, 10 Juni

Ndege, usiulete Dodoma hapa, hatutamaliza leo. Rudi St. Paul, kwenye Bunge la Minnesota.

#10 Mchungaji_Rochester, 10 Juni

Naomba nisimame upande usiopendwa humu. Nimekuja nchi hii kihalali, nimesubiri makaratasi kwa miaka mingi, nimelipa mawakili. Silaani mtu asiye nayo, nawaombea. Lakini fedha za jimbo zina mwisho. Waliojiandikisha walizidi sana makadirio ya mwanzo. Na wataalamu wa bajeti wa jimbo lenyewe walishaonya kwamba kwenye bajeti ya 2028 na 2029 kuna pengo la takriban dola bilioni 6. Mwaka 2023 tulikuwa na ziada ya bilioni 17.5, ikatumika kwa kasi, na mipango mipya mingi ikaanzishwa juu yake. Warepublikan walisema mapema, mwanzo wa mpango hautaendana na mwisho wake. Mimi naona hilo ndilo lililotokea, wala halihusiani na nani ana kura na nani hana.

#11 Dada_Shifti (Brooklyn Center), 10 Juni

Mchungaji shikamoo. Nakuheshimu, lakini niruhusu nikupinge kwa ninachokiona kazini.

Nafanya usiku kwenye nyumba ya wazee. Kuna mama mmoja ninayemfahamu, si mgonjwa wangu, ni mtu wa kanisani kwetu, ana kisukari. Kabla ya Januari alikuwa anapunguza insulini ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Mguu ukaharibika. Akapelekwa chumba cha dharura, akalazwa, na bili ile hakuna aliyeilipa, hospitali imeibeba na kuisambaza kwa wengine. Mwaka huu amepata kadi, anaonana na daktari, sukari imetulia. Sasa niambie Mchungaji, hizo fedha zimeokolewa wapi? Mguu ukikatwa gharama inaongezeka, na mama wa watu anabaki kilema.

Halafu tusisahau, watu hawa wanalipa kodi. Kila wanaponunua kitu, na wengi hata kwenye mshahara.

#12 Mchungaji_Rochester, 10 Juni

Marahaba mwanangu. Hoja ya chumba cha dharura ni nzito, siipuuzi. Lakini bajeti huandikwa kwa miaka miwili, na faida unayoisema huonekana baada ya miaka mingi. Hapo ndipo penye tatizo la kweli.

#13 Upepo_wa_Duluth, 10 Juni

Jamani naomba msaada wa haraka. Mimi na mume wangu tulipewa hifadhi, na watoto wapo MinnesotaCare. Nimesoma WhatsApp kwamba wahamiaji WOTE tunaondolewa. Ni kweli?

#14 Mto_Baridi, 10 Juni

Si kweli dada, lala salama. Wanaoguswa ni watu wazima wa miaka 18 na zaidi wasio na hadhi ya kisheria. Mwenye hifadhi au kadi ya kijani haguswi. Na watoto, hata wasio na makaratasi, wanabaki. Hilo DFL walilipigania likabaki. Walio tayari kwenye bima wanaendelea mpaka Desemba 31, ila uandikishaji mpya unafungwa baada ya Juni 15. Kama unamjua mtu anayestahili na hajajiandikisha, mwambie leo.

#15 Mzee_Nokoa (St. Cloud), 11 Juni

Vijana, ninyi wengi hamkuwepo 2011. Nilikuwa naajiriwa na jimbo wakati huo. Gavana Mark Dayton na Bunge la Warepublikan walishindwana kuhusu pengo la dola bilioni 5, na Julai 1 serikali ikafungwa kwa siku 20. Mbuga zikafungwa msimu wa joto, leseni hazitolewi, barabara zikasimama nusu. Nilikaa nyumbani nikihesabu vijisenti. Mashirika yanayowalea walemavu, ambako ndugu zetu wengi wanafanya kazi, yalikuwa hayajui fedha zitatoka wapi.

Kwa hiyo Hortman na Walz walipoona Mei 19 imefika, tarehe ambayo katiba inawalazimu kufunga kikao cha kawaida, na bajeti haijaisha, mimi najua walichokiona mbele yao. Serikali ikifungwa anayeumia kwanza ni maskini, mwenye makaratasi na asiye nayo. Hao hao elfu 20 wangekosa huduma nyingine. Sisemi uamuzi ulikuwa mzuri. Nasema kuna woga wenye sababu.

#16 Mto_Baridi, 11 Juni

Mzee wangu, nimekusikia. Lakini woga huo ulikuwa wa pande zote mbili. Warepublikan nao wasingependa kubebeshwa lawama ya kufunga serikali. Kwa nini walioyumba wawe upande wetu?

#17 Pilipili_Hoho (Mankato), 11 Juni

Kwa sababu "upande wetu" si kitu kimoja. DFL wana maseneta wa vijijini, kaskazini na magharibi ya jimbo, ambao wapiga kura wao hawautaki mpango huu. Ukiwa na 34 kwa 33, mmoja wao akigoma huna Seneti. Kwa mtazamo wangu Demuth alijua kwamba akilibana hili, mpasuko utatokea upande wa pili na si kwake. Mei 15 makubaliano yalipotangazwa, wabunge weusi, Walatino na Waasia wa DFL walikuwa nje ya ukumbi wakigonga mlango na kupiga kelele wakati gavana wao yuko ndani anaongea na waandishi. Ile ilikuwa ndiyo faida ya Warepublikan, kuliko hata fedha.

Na kuna kisasi. Mei 2024, kikao kikiwa kimebakiza saa moja kufungwa, DFL walishona miswada mingi pamoja ikawa mmoja wa kurasa zaidi ya 1,400 na kuupitisha huku Warepublikan wakipiga mayowe ukumbini. Aliyekuwa kwenye kiti cha Spika ni Hortman. Watu hawakusahau.

#18 Binti_Gusii, 11 Juni

Pilipili, umeeleza vizuri ila umeruka jambo: 2024 Warepublikan nao walikuwa wanahutubia saa nyingi makusudi ili muda uishe. Hiyo 1,400 haikutoka hewani.

#19 Pilipili_Hoho, 11 Juni

Kweli kabisa. Pande zote zilikuwa zinacheza na saa.

#20 Binti_Gusii, 14 Juni

Jamani. Naandika nikiwa nimejifungia ndani, simu imetutaarifu tusifungue mlango. Melissa Hortman na mumewe Mark wameuawa kwa risasi nyumbani kwao usiku huu, hapa Brooklyn Park. Seneta John Hoffman na mkewe Yvette wamepigwa risasi nyumbani kwao Champlin, wako hospitali. Muuaji alivaa kama polisi. Nimeshindwa kuendelea.

#21 Mto_Baridi, 14 Juni

Mungu wangu. Pole Binti_Gusii, usifungue kwa yeyote. Poleni watoto wao. Niliandika juu ya mama huyu kwa ukali siku nne zilizopita kwa sababu ya kura. Hakuna kura duniani inayostahili hili.

#22 Mzee_Nokoa, 14 Juni

Raha ya milele awape, ee Bwana. Nimekuwa jimbo hili kwa muda mrefu, sijaona siasa ikifika hapa.

#23 Jua_Kali_254, 15 Juni

Mbona wenzake wa DFL ndio walikuwa wamemkasirikia kwa ile kura ya bima? Mitandaoni wanasema ni watu wa upande wake.

#24 Msoma_Katiba, 16 Juni

Futa hiyo, ndugu. Mtuhumiwa amekamatwa jana usiku. Orodha zilizokutwa zina majina ya wanasiasa wengi, karibu wote Wademokrati, pamoja na watu wanaohusika na huduma za utoaji mimba. Wanaosambaza habari ya kisasi cha kura ya bima wanasambaza kwa faida zao. Tumwache marehemu na tuiache mahakama.

#25 Mtoto_wa_Lubumbashi, 16 Juni

Hata siye Kongo jambo hili limetushitua. Video za mtuhumiwa za mwaka 2023 akihubiri kanisani hapa Kongo zinazunguka kwenye simu za watu. Waumini walimwitikia amina. Poleni sana ndugu zetu wa Minnesota.

#26 Dada_Shifti, 28 Juni

Jana nilipanga foleni Bungeni kumuaga Hortman. Ni mwanamke wa kwanza wa Minnesota ambaye mwili wake umelazwa pale kwa heshima hiyo. Kwenye foleni nilikutana na watu waliomchukia kwa kura ya Juni 9 na waliompenda kwa chakula cha bure cha shuleni, sheria ya 2023 aliyoipitisha akiwa Spika. Wengine walikuwa mtu yule yule. Mimi pia. Bado naona kura ile ilikuwa mbaya, na bado nimelia.

#27 Ndege_wa_Pangani, 17 Septemba

Naufufua uzi. Nimesikia kiti cha Hortman kimejazwa?

#28 Msoma_Katiba, 17 Septemba

Jana. Xp Lee wa DFL ameshinda 34B, jimbo la uchaguzi la marehemu, tumerudi 67 kwa 67. DFL Barazani sasa wanaongozwa na Zack Stephenson. Seneti nako kuna viti viwili vya kujaza Novemba 4: Nicole Mitchell wa DFL alijiuzulu Julai baada ya kukutwa na hatia ya kuvunja nyumba, na Bruce Anderson, Mrepublikan, alifariki.

#29 Kachumbari, 17 Septemba

Mwaka mmoja, chaguzi ndogo ngapi hizo? Msoma_Katiba, wewe ndiye Tume yetu ya Uchaguzi humu.

#30 Pilipili_Hoho, 6 Novemba

Matokeo: kila chama kimelinda chake. Seneti 34 kwa 33 kama zamani. Yaani baada ya yote yaliyotokea, mizani haijasogea hata kiti kimoja.

#31 Mchungaji_Rochester, 6 Novemba

Na ndiyo maana nasema tatizo si DFL wala Warepublikan peke yao. Wananchi wenyewe wamegawanyika katikati, na kiongozi atakayejaribu kukutana na mwenzake anaitwa msaliti na watu wake. Hortman alilipa hilo akiwa hai, kwa matusi.

#32 Mto_Baridi, 6 Novemba

Mchungaji, hapo tunakubaliana nusu. Kukutana katikati ni kuzuri. Ila nitazame tena nani aliyekuwa akisimama hapo katikati walipokutana. Si tajiri, si mkulima, si mwenye kiwanda. Ni yule mama wa Dada_Shifti.

#33 Mzee_Nokoa, 6 Novemba

Si sahihi kusema hakuna mwingine aliyeguswa, kijana wangu. Gereza la Stillwater litafungwa, wafanyakazi wa kule wana haki ya kulalamika. Kodi ya bangi imepanda kutoka asilimia 10 hadi 15. Kila mtu alikatwa kidogo.

#34 Mto_Baridi, 6 Novemba

Kukatwa kodi na kukatwa matibabu, mzee?

#35 Upepo_wa_Duluth, 3 Januari 2026

Heri ya mwaka mpya. Bima imekwisha tangu juzi kwa waliohusika. Dada_Shifti, yule mama anaendeleaje?

#36 Dada_Shifti, 3 Januari

Ahsante kwa kuuliza. Alijaza dawa Desemba, ana akiba ya muda. Nimempeleka kituo cha afya cha jamii kinachotoza kulingana na kipato, amepokelewa vizuri, ila foleni ni ndefu na daktari bingwa wa macho hayupo pale. Mwenye kujua kliniki ya macho ya bei nafuu upande wa Brooklyn Center anitumie ujumbe wa ndani tafadhali.

#37 Pilipili_Hoho, 3 Januari

Nimekutumia. Na Bunge linarudi Februari 17, viti vyote 201 vinagombewa Novemba. Nani atathubutu kuleta muswada wa kurudisha bima mwaka wa uchaguzi?

#38 Msoma_Katiba, 3 Januari

Kuuleta, wataleta. Kura ya 68 ndiyo sijui itatoka wapi.

#39 Binti_Gusii, 4 Januari

Basi tuanze na wenye kura humu. Mwenye uraia na hajajiandikisha, aniandikie. Nina fomu, na Jumamosi nipo ukumbi wa kanisa baada ya ibada ya asubuhi.